CHEMCHEMI YENYE KUNG'AA SI LAZIMA IWE SAFI

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma huuona Mlima Elgon upande wake wa kulia. Kutoka mlima huo, wenye kimo cha meta 4,321, na kutoka vilima vya Cherangani vilivyo mashariki, hushuka vijito vingi viingiavyo katika Mto Nzoia, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Nchi hii imejaliwa mvua na chemchemi. Basi, kwa nini watoto wake huugua tumbo?

Sababu yake ni kwamba maji yapo, lakini hayakulindwa. Mijini kuna maji ya bomba, bali huko mashambani watu wengi huteka chemchemini. Pale ng'ombe hunywa, nguo hufuliwa, na mvua huteremsha uchafu wa mlimani. Maji yaweza kung'aa kama kioo, na huku yamebeba vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo, hata vya kipindupindu. Jicho la mwanadamu haliwezi kuviona.

Dawa ya kwanza ni kuijengea chemchemi, nayo ni kazi iwezayo kufanywa na wanakijiji wakiongozwa na fundi na Bwana Afya. Taratibu yake ni hii:

1. Chimbeni kwa uangalifu mpaka mlione jicho lenyewe la chemchemi.

2. Jengeni ukuta wa saruji mbele yake, na pitisheni bomba la kutolea maji.

3. Jazeni mawe na changarawe nyuma ya ukuta, kisha funikeni kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili maji ya juu yasipenye.

4. Chimbeni mfereji upande wa juu ili kukinga maji ya mvua, na mwingine chini ya bomba ili maji yamwagikayo yasituame.

5. Zungusheni ua kuwazuia wanyama. Vyoo viwe mbali, wala visiwe upande wa juu. Msipande mikaratusi karibu, kwa maana mti huo hunywa maji mengi.

Je, kazi hii ina faida? Katika Busia, wilaya iliyokuwa jirani ya Bungoma, wataalamu walipima chemchemi karibu 200, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 2011. Waliona kwamba chemchemi zilizojengewa zilipungukiwa na vijidudu vya kinyesi kwa kadiri ya theluthi mbili, na kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo.

Lakini wasomaji na waangalie jambo moja. Maji yaliyowekwa nyumbani yalipungukiwa na vijidudu kwa karibu robo tu. Maana yake ni kwamba maji yaliyotoka bombani yakiwa safi yalichafuka tena njiani au nyumbani: katika mtungi usiooshwa, au kwa kikombe kilichochovywa na mkono mchafu. Mama aliyebeba mzigo wa maji kupanda kilima amepotezewa sehemu ya jasho lake.

Kwa hiyo mtungi uoshwe vema, uwe na mdomo mwembamba na kifuniko, na maji yamiminwe, yasichotwe kwa mkono. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa.

Mwisho, chemchemi isiyo na mwangalizi hurudi kuwa dimbwi. Ukuta hupasuka, mfereji huziba, na ua huibwa kuwa kuni. Hapana budi wanaoteka wachague halmashauri yao, na wanawake wawemo, kwa kuwa ndio waijuao chemchemi kuliko wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha. Serikali ina wajibu wake. Lakini kuufagia mfereji ule ni kazi ya jirani na jirani.

Katika baraza lijalo, yafaa kila kijiji kijiulize: jicho la chemchemi yetu limefunikwa, au bado ng'ombe hutangulia kunywa?