KIDONDA CHA UPASUAJI: TUKITUNZEJE NYUMBANI?

Mama aliyejifungua kwa upasuaji hurudi nyumbani baada ya siku chache tu, kidonda kikiwa bado kibichi. Tangu hapo wauguzi wake ni sisi: mume, mama mkwe, wifi na majirani. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba barani Afrika hadi akina mama 20 katika kila 100 waliojifungua kwa upasuaji hupata maambukizo ya kidonda. Mengi yaweza kuzuiliwa.

Ngozi ni ukuta wa mwili. Ikikatwa, vijidudu hupata mlango. Kingo zilizoshonwa huanza kushikana katika siku 2 za kwanza. Ndiyo sababu bandeji ya hospitali haiguswi kwa muda huo, isipokuwa imelowa au imebanduka.

Tufanye hivi:

1. Tunawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa kidonda.

2. Tukiagizwa kubadili bandeji, tutumie shashi safi. Ile ya zamani ikiganda tusiivute. Tuilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

3. Muuguzi akiruhusu, mama aoge kwa maji ya kujimwagia. Kidonda kikaushwe kwa kitambaa safi, bila kusugua.

4. Kwa wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo na kuni ni kazi yetu.

5. Ale maharage, dagaa, mayai, mboga na matunda.

Tusipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, wala unga wa kapsuli. Na ile desturi yetu ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto isifanyike tumboni: yaweza kumuunguza na kufumua mshono. Tunajua bibi hufanya hivyo kwa upendo. Tumweleze kwa heshima.

Dalili za hatari ni homa, maumivu yanayozidi, wekundu au uvimbe unaoenea, usaha, harufu mbaya, au mshono kuachia. Zaweza kutokea hata baada ya wiki 3 au 4. Tukiona mojawapo, twende hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda kikifunguka na utumbo kuonekana, tusiurudishe ndani. Tuufunike kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mama asile wala asinywe, tumkimbize hospitali.

Mwisho, tusikose tarehe ya kutoa nyuzi, hata kama kidonda chaonekana kimepona.