Friji Inayonuka: Tafuta Chanzo, Usifunike Harufu



Friji, au frigo kama wengi wetu tunavyoiita, sasa imo katika baadhi ya nyumba na maduka ya kambini, ikiendeshwa kwa nguvu za jua au jenereta. Ikianza kunuka inakupa taarifa. Usiipuuze.

Harufu ya kuoza inatoka wapi?

Mara nyingi ni maji ya nyama au samaki yaliyovuja, maziwa yaliyomwagika au mboga iliyosahaulika. Chanzo kingine ni kukatika kwa umeme. Jenereta ikizimwa usiku, ubaridi hupungua na vijidudu huzaana. Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa huutunza saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Kila ukifungua mlango, muda huo unapungua.

Fanya hivi:

1. Chomoa waya wa umeme, kisha toa vyakula vyote.
2. Tupa nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa ambavyo vimekaa bila ubaridi zaidi ya saa 2. Usionje ili kujua. Vijidudu vingi vya magonjwa havibadilishi harufu wala ladha, na kuchemsha tena hakuondoi kila sumu.
3. Osha rafu na droo kwa maji ya moto na sabuni, halafu suuza.
4. Futa ndani kwa maji ya vuguvugu lita 1 yenye vijiko 2 vya chakula vya soda ya kuokea. Kama huna, tumia siki na maji kwa kiasi sawa. Kamwe usichanganye siki na klorini, kwani hutoa hewa yenye sumu.
5. Safisha mpira wa mlango, tundu la kutolea maji na trei iliyo nyuma. Hapo ndipo wengi husahau.
6. Kausha, acha mlango wazi kwa muda, kisha weka ndani bakuli la mkaa mkavu ili unyonye harufu iliyobaki. Mtoto asiachwe karibu, anaweza kujifungia ndani.

Harufu za hatari

Ukisikia harufu ya plastiki au waya unaoungua, zima umeme na umwite fundi. Kwa friji za mafuta ya taa au gesi, harufu kali inayochoma macho na pua huenda ni amonia inayovuja. Toeni watu nje, acheni milango wazi, wala msirudi ndani mpaka fundi aikague.

Mtu akiharisha au kutapika baada ya kula, mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Mpeleke kituo cha afya haraka akiwa ni mtoto mdogo au mjamzito, akitoa damu, au macho yakiingia ndani.

Jadilini nyumbani:

- Jana umeme ulikatika saa ngapi, na ulirudi saa ngapi?
- Nani kati yetu ataangalia friji kila asubuhi?

Kumbuka: chakula kilichotupwa ni hasara ya siku moja. Kuharisha kunaweza kuchukua uhai wa mtoto.