Taa moja ya ngazi, swichi mbili

SWALI: Taa yetu ya ngazi ina swichi chini na juu. Ya juu hufanya kazi tu kama ya chini imewashwa. Tatizo ni taa au fundi?

JIBU: Taa haina kosa. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika, kisha fungua swichi zote mbili uhesabu skrubu za nyaya. Ukikuta mbili tu, umefungiwa swichi za kawaida, nazo hazitafaa hapo kamwe. Swichi ya njia mbili ina skrubu tatu: COM, L1 na L2.

Zikiwa tatu, karibu kila mara waya wa COM umebadilishana nafasi na mwingine. Waya wa moto uingie COM ya chini. L1 iungane na L1, L2 na L2. Kutoka COM ya juu, waya mmoja uende kwenye taa. Soma herufi zilizoandikwa nyuma ya swichi, usikisie kwa mahali skrubu ilipo, maana kila kiwanda kina mpangilio wake.

Nyutro iende moja kwa moja kwenye taa, itoke saketi ileile ya waya wa moto. Hapa nasisitiza sana: mafundi wengine huchukua moto ghorofa ya chini na nyutro ya juu. Siku mtu atakapozima saketi moja ili afanye kazi, nyutro hiyo yaweza kumpiga shoti. Mwite fundi mwenye leseni aikague.