Jinsi Damu Inavyoonyesha Kwamba Moyo Umeumia

Tuchukue mfano wa mvuvi anayeshuka kwenye boti pale Dunga alfajiri. Kifua kinambana, jasho jembamba linamtoka na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Wenzake wanasema ni kiungulia, au uchovu wa kuvuta nyavu usiku kucha. Ananunua dawa ya vidonda vya tumbo, anaenda kulala. Huenda ni kiungulia kweli. Lakini huenda pia mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo umeziba, na muda wote aliolala sehemu ya msuli huo inazidi kufa.

Daktari atajuaje? Kwanza hupima umeme wa moyo, kazi ya dakika chache. Kisha hupima damu. Seli ya moyo ikiharibika, vilivyomo ndani yake huvuja na kuingia kwenye damu. Kinachotafutwa zaidi leo ni protini iitwayo troponini, ya aina inayopatikana kwenye msuli wa moyo. Ina udhaifu mmoja ambao wananchi wengi hawaujui: huchukua saa kadhaa kupanda. Ukipimwa mapema mno, jibu linaweza kuwa la kawaida ilhali moyo unaumia. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asubiri, atolewe damu tena. Tafadhali usikasirike ukaondoka. Kipimo cha pili si njia ya kukutoza pesa.

Watafiti wanachunguza pia alama nyingine, DNA ya mitokondria. Mitokondria ni kama viwanda vidogo ndani ya seli, vinavyotumia chakula na oksijeni kutengeneza nguvu. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku bila likizo, kwa hiyo umejaa viwanda hivi. Huchukua karibu theluthi moja ya nafasi ndani ya seli ya msuli wake. Vina DNA yao wenyewe, ya umbo la duara, yenye jeni 37 tu. (Tena tunairithi kwa mama. Sisi tunaohesabu ukoo kwa baba tuna la kutafakari hapo.) Seli ikifa, vipande vya DNA hii huingia kwenye damu na vinaweza kupimwa kwa PCR, teknolojia ile ile tuliyoizoea wakati wa Korona.

Vipande hivyo vyenyewe vinaweza kuleta madhara. Wanasayansi wanaamini mitokondria zilitokana na bakteria wa kale, na DNA yake bado inafanana na ya bakteria. Kinga ya mwili ikiikuta nje ya seli hudhani kuna mvamizi, ikaanza mapambano yanayoweza kuzidi kuumiza moyo.

Mbona basi kipimo hiki hakijachukua nafasi ya troponini? Kwa sababu mitokondria zimo karibu katika kila seli ya mwili. Ajali ya boda boda, kuungua moto au maambukizi makali pia huongeza DNA hii kwenye damu. Jibu likiwa juu, halikuambii ni kiungo gani kimeumia. Hata chembe zinazogandisha damu zina mitokondria, na damu ikikaa kwenye chupa muda mrefu bila kutenganishwa, chembe hizo huvuja na kuharibu jibu. Hebu fikiria chupa hiyo ikisafirishwa kwa pikipiki kwenye jua kutoka zahanati ya Nyakach au Seme hadi mjini.

Kwa hiyo maumivu ya kifua yasiyoisha ndani ya dakika chache, hasa yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, yanataka hospitali, usiku huo huo. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari dalili inaweza kuwa kichefuchefu, kuishiwa pumzi au uchovu usio wa kawaida tu. Iwe unaanzia kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado tunaiita Russia, mwambie mhudumu saa kamili maumivu yalipoanza. Bila saa hiyo, ni vigumu kwake kujua kama jibu la kwanza la troponini lina maana, au limekuja mapema mno.