Wadeni wa hosteli hufanya nini hasa?

Swali: Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya wadeni wa hosteli za chuo kikuu. Kazi yenyewe ikoje?

Jibu: Wengi hudhani wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, ni mtunza funguo tu. Lakini hosteli za Magufuli, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizozinduliwa Aprili 2017, zina majengo 20 na nafasi za wanafunzi 3,840. Kwa wanafunzi wengi hivyo, funguo ni sehemu ndogo tu ya kazi.

Wadeni hugawa vyumba, hukagua magodoro, hufuatilia kitasa kilichovunjika. Akikuta wanafunzi wanabebana, yaani wanalala wawili kitanda kimoja, kanuni humtaka amwondoe asiye na nafasi. Wadeni mzuri humfikisha kwanza kwa mshauri wa wanafunzi, maana mara nyingi hana pa kwenda.

Usiku ndio mzito. Mwanafunzi akizidiwa na homa saa nane, mlango unaogongwa ni wa wadeni. Kwenye usaili, jiandae kueleza utakavyomfikisha hospitali.