Ukiuza grauti, tuma na maelekezo
Wauzaji wenzangu, nilituma grauti nyeupe kwa basi, Ngara hadi Biharamulo. Fundi kajaza mchana, jioni mama mwenye nyumba kapiga deki. Asubuhi simu: "Umeniuzia feki!" Mteja nikampoteza.

Siku hizi kila mzigo natuma na ujumbe huu WhatsApp:

1. Saa 24 usikanyage wala kumwaga maji. Grauti ni saruji, inahitaji muda kukomaa. Pakiti ikisema zaidi, fuata pakiti.
2. Vumbi jeupe juu ya marumaru, futa kesho yake kwa kitambaa laini kikavu.
3. Limau, siki na dawa ya choo yenye asidi, marufuku. Vinakula saruji.
4. Weka zulia mlangoni. Udongo wetu mwekundu ukiingia kwenye grauti nyeupe, kuutoa ni kazi.

Tuma kabla fundi hajaanza, siyo baada ya lawama.