Shangazi Anajibu: Wifi amemrusha mwali wangu kwenye simu



Naishi Msimbati na mume wangu, mvuvi, na watoto watatu. Sisi ni Wamakonde. Desemba, shule zilipofungwa na pesa za korosho zilipoingia, tulimcheza unyago binti yetu wa kwanza. Ana miaka 11. Wifi yangu alikuja kutoka Dar es Salaam na alibeba sehemu kubwa ya gharama: mchele, mafuta, doti za khanga, hata wapiga ngoma. Siku ya kumtoa mwali alishika simu tangu asubuhi. Alirekodi ngoma ya uwanjani, akamrekodi mtoto mkekani, kisha akaingia hadi ndani makungwi walipokuwa wakiimba. Kuna mahali anasikika akisema, "Mfunueni khanga, shangazi zake wamuone uso." Yote aliyarusha stetasi na kwenye grupu la ukoo lenye watu zaidi ya 140: wako Dar, wako Palma ng'ambo ya Ruvuma, wako Muscat. Nilinyamaza, na kusema kweli mimi pia nilichukua video moja nikaiweka stetasi kwa furaha.

Shule zilipofunguliwa, wavulana wa darasani kwake walikuwa wameshaziona. Akipita wanamwimbia maneno ya ndani. Wiki ya pili sasa anasema tumbo linamuuma, haendi shule. Mume wangu amenikataza kumgusa dada yake kwa sababu ya wema aliotutendea. Mama mkwe anasema yale ni mapenzi ya shangazi. Nikisema nijitoe kwenye grupu, naambiwa naleta mfarakano. Nifanyeje?

Mama Mwali, Msimbati

Mwanangu, pole sana, na binti naye mfikishie pole yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale ulipopita haraka: kwamba nawe uliiweka stetasi. Umefanya vizuri kulisema, maana hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya wifi, kabla ya grupu na mwalimu, anza na mtoto. Usiku huu kaa naye mahali ambapo hakuna mwingine, umwambie: "Nilikuweka kwenye simu bila kukuuliza. Nimekosa, nisamehe." Uishie hapo. Usiongeze habari za shangazi yake. Mtoto wa miaka 11 anaujua msamaha unaotafuta mtu mwingine wa kubeba mzigo.

Kisha msikilize. Huenda kinachomuuma sicho unachodhani. Pengine ni uso wake, pengine ni ule wimbo. Au ni kwamba watu wazima aliowaamini walikuwa wanacheka nyuma ya simu.

Watu wengi huniandikia kwamba simu imekuja na tabia ngeni na sisi hatuna adabu ya kuipimia. Kwa jambo lako nakataa kabisa. Adabu ilikuwapo siku ile, ndani ya nyumba ile. Wewe umechezwa, wifi amechezwa, mama mkwe amechezwa. Nyote mnajua kwamba mlango wa mwali huwa na mtu wake. Asiyechezwa hapiti. Mwanamume hapiti, hata baba mzazi hukaa barazani. Maneno ya nyimbo zile hayatoki nje, na aliyeyatoa hukanywa hata akiwa mtu mzima. Na ile khanga kichwani kwa mwali haikuwa pambo. Ilimsitiri siku ambayo kila mtu anataka kumtazama. Sauti iliyosema "mfunueni" ndiyo iliyonitoa machozi, mwanangu, kwa sababu aliyeisema anajua khanga ile ni ya nini.

Sidhani alikusudia ubaya. Aliyelinda mlango alimwona wifi akiingia, hakuwaona watu 140 waliokuwa mkononi mwake, na miongoni mwao wanaume na watoto wadogo wa kiume wanaochezea simu za kaka zao.

Nimewahi kuambiwa, "Mbona Bi Kidude aliipeleka ngoma ya unyago hadi majukwaa ya Ulaya?" Ni kweli, marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alipiga msondo mbele ya watu wa kila namna. Lakini aliyepanda jukwaani alikuwa yeye mwenyewe, kungwi mtu mzima, kwa hiari yake. Binti yako hakupanda jukwaa lolote.

Sasa wifi. Mumeo amekukataza kuzungumza naye, nami sitaki uvunje nyumba. Ila kwa desturi yenu ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto ana mjomba. Mtume kaka yako. Apige simu wasikilizane, asitume maandishi, na jambo hili lisiguswe kwenye grupu. Aanze kwa kushukuru, tena ataje kimoja kimoja: mchele, mafuta, khanga, wapiga ngoma. Wema huo ni wa kweli na lazima utamkwe. Halafu amweleze hali ya mtoto, kwamba haendi shule. Nakadiria wifi hajui. Shangazi anayelipia ngoma nzima hafurahii kusikia hivyo.

Amwombe mambo mawili. Afute vyote alivyonavyo, kisha yeye mwenyewe atume ujumbe wa sauti kwenye grupu akiwaomba wenzake wafute. Kitufe cha kufuta kwa kila mtu WhatsApp hukipa muda wa siku mbili na kidogo tu, na muda huo umeshapita. Kwa hiyo kila mmoja afute kwenye simu yake, kwenye grupu na kwenye galari pia, maana simu nyingi hujihifadhia zenyewe. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, lakini aliyekwisha kuinakili anayo. Nakueleza haya ili usije ukamwahidi mtoto kwamba zimekwisha zote. Mwambie ukweli: zimepungua, na wakubwa wamekataza.

Usijitoe kwenye grupu kwa sasa. Unahitaji kuona kinachoendelea. Na mumeo akirudia habari za wema, mjibu kwa upole kwamba dada yake alinunua mchele, uso wa mtoto hakuununua.

Shuleni nenda kwa mwalimu wa kike anayeshughulikia malezi. Mwombe awaite wale wavulana na wazazi wao faraghani. Sisitiza jambo hilo lisitangazwe paredi, kwa sababu kutangaza paredi ni kumfunua mara ya pili.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sikushauri umshtaki wifi. Naitaja ili baba mtoto ajue kwamba nchi nayo inaihesabu picha ya mtu kuwa kitu cha kulindwa. Lakini angalieni video zile kwa makini, wewe na kungwi wake. Kama kuna mahali mtoto anaonekana bila nguo, au kama kuna mtu anamtisha au kumdai chochote kwa ajili ya video hizo, hayo hayazungumzwi tena na mjomba. Hapo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyohiyo, au piga 116, ni bure. Wala usimtumie mtu yeyote video hiyo ukidai unamwonyesha ushahidi.

Una wadogo wawili, na mmoja naye atafika mkekani. Siku hiyo itakapokaribia, wekeni kapu mlangoni na simu zote zibaki humo, ya wifi na yako. Ngoma ya uwanjani mwenye kutaka airekodi, watu wazima wanaocheza wakiridhia.

Kwa huyu mkubwa, kuna jambo moja limebaki. Kaeni pamoja mzitazame picha zilizomo kwenye simu yako, za siku ile na za tangu alipozaliwa, umuulize ipi anataka ibaki. Akisema hataki hata moja, mpe simu mkononi afute mwenyewe. Kisha niandikie unieleze kama amerudi shule.

Shangazi